Misumari ya Dieumerci

Pale Mayi Bleu hapakuwa na vyura. Kila aliyefika aliona uzuri wa maji kwanza, akapiga picha, akawatumia jamaa zake wa Ulaya, na hakuna aliyejiuliza kwa nini masika na kiangazi ukimya wa mahali pale ulikuwa ule ule. Lilikuwa shimo la zamani la kuchimbia mawe ya shaba, kando ya barabara ya Kasumbalesa. Wenyewe waliliacha, likajaa maji karibu na ukingo. Maji yalikuwa ya bluu iliyokolea, bluu ya kitenge ambacho hakijafuliwa bado, na masafi kiasi kwamba uliyaona mawe ya chini mpaka pale giza linapoanzia.

Aliyegeuza shimo hilo kuwa mahali pa starehe ni Mama Mado Ngalula, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Alijenga vibanda vya nyasi, akaleta viti, bia baridi na bafle la muziki. Samaki wa kuchoma aliwaleta kutoka mjini, maana shimoni hamkuwa na hata mmoja. Kisha akaona kwamba watu wakishakula na kunywa wanayatazama maji kwa hamu, akasema: hapa panataka mashua.

Ndipo alipomtafuta Stanislas Mwaba. Stanislas alikuwa fundi mbao katika mtaa wa Hewa Bora, anatengeneza vitanda, milango na makabati, lakini ukimwuliza kazi yake hakutaja kitanda. Angekwambia yeye ni mjukuu wa mjenga mashua wa Pweto, kule ziwani, na kwamba mashua za babu yake zilipigiliwa misumari ya shaba iliyotumwa na baba yake Stanislas, aliyekuwa mfanyakazi wa mgodi huku Lubumbashi. Mbao zilizeeka, alisema, zikaoza, zikawa kuni, na misumari ikaokotwa majivuni ikiwa mizima. Hadithi hiyo majirani waliisikia mpaka wakaijua kwa moyo.

Kwa hiyo Mama Mado alipoleta habari ya mashua, neno la kwanza la Stanislas lilikuwa shaba.

"Misumari ya mukuba?" Mama Mado alicheka mpaka akashika kiuno. "Papa Stani, weye unaishi wapi? Si hapa Lubumbashi? Hapa banakata câble ya courant na moto iko ndani! Utaweka mukuba mu mashua, batu batakuya na tenaille, batang'oa moja moja, asubui tutakuta mbao tu inaelea."

Mjini humu shaba hailali nje, hilo hata mtoto analijua. Basi Stanislas akanunua nondo, akazikata, akazichoma motoni na kuzifua mwenyewe mpaka zikawa misumari ya vichwa vipana. Kipande kirefu kilichobaki akakichonga ncha kiwe kigingi cha kufungia kamba ya mashua ufukweni. Kazi ilikuwa safi. Lakini kila alipopigilia chuma mahali ambapo babu yake angepigilia shaba, moyo ulimuuma, na usiseme ni upuuzi, fundi ana aibu zake.

Mashua ilijengwa uani kwake, kwa mbao za mulombwa, ndefu, yenye mkuku mnene, uti wake wa chini, mbavu zilizopindwa kwa mvuke, na mabenchi pande zote mbili. Majirani walikuja jioni kumtania kwamba anajenga safina. "Papa Noé," walimwuliza, "mvua itaanza siku gani?" Naye alicheka, akaendelea kusukumia pamba yenye lami katikati ya mbao. Binti yake Dorine, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyemshikia mwisho wa kila ubao, kama alivyofanya tangu udogo wake. Dorine alikuwa amechumbiwa na Hénoc, kijana anayepitisha mizigo ya malori pale mpakani Kasumbalesa, na harusi ilipangwa kiangazi kilichofuata.

"Papa," Dorine alimwambia siku moja, kidevu kikiwa juu ya ubao, "siku ya ndoa nitapanda hii."

"Utapanda mbele ya bantu yote," alijibu Stanislas. "Bakuone."

Kuanzia siku hiyo hakuijenga tena kwa ajili ya Mama Mado. Aliijenga kwa ajili ya alasiri moja tu, binti yake akiwa ndani ya gauni jeupe katikati ya maji ya bluu, na watu wakiulizana ufukweni ni mkono wa nani uliofanya kazi ile.

Mama Mado aliipa mashua jina la Dieumerci. Na dereva wa kuiendesha alitafutwa na Stanislas mwenyewe: Kalaba, mvuvi wa Pweto aliyekuwa ameingia mjini baada ya kufiwa na mke. Walikuwa wamecheza pamoja utotoni, kila likizo Stanislas alipopelekwa kwa babu. Kalaba alikuwa mtu mkimya, mwenye mabega ya kuvuta nyavu, na hakuna moteri iliyomshinda.

Tatizo lake lilikuwa moja. Hakuyapenda maji ya pale. Alikuja na kidumu cha maji kutoka nyumbani, akanawia hayo hayo, na mikono yake haikugusa yale ya bluu ila kwa lazima.

"Stani," alimwuliza, "umeshasikia chura hapa?"

"Tulikuya kusikia chura ao kutumika kazi?"

"Nauliza tu. Mayi ambayo hata chura inakimbia, muntu anatafuta nini ndani?"

Stanislas alimpiga bega akacheka. Wavuvi, alifikiri, hawakosi la kuogopa.

"Cheka," alisema Kalaba. "Miye hii mayi siiamini. Lakini mashua ni weye ulipigilia. Njo maana naingia."

Biashara ilichanganya. Kila Jumapili watu walipanga foleni kuzungushwa shimoni, na mashua haikuvuja hata tone. Stanislas alikuja kuitazama kama mtu anayemtembelea mtoto aliyeolewa vizuri. Alisimama nyuma ya wageni akasikiliza wakiisifu, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Wiki chache kabla ya harusi, Mama Mado aliagiza mashua ivutwe mchangani isafishwe. Walipoigeuza ubavu, Kalaba aliachia kamba. Misumari yote ya chini, ile iliyokaa majini, ilikuwa imebadilika rangi. Haikuwa myeusi tena. Ilikuwa myekundu, na Stanislas alipousugua mmoja kwa mchanga ukang'aa kama sufuria ya sikukuu.

"Mukuba!" Mama Mado alipiga magoti pale pale. "Ni mukuba, Papa Stani! Mungu iko mukubwa! Tulikataa kuiweka, na Yeye ameiweka!"

Watu wakakimbia kutoka vibandani na simu mkononi. Mchungaji mmoja aliyekuwa akila samaki wake aliacha sahani akaja kuombea. Na Stanislas, ambaye kwa miezi yote ile alikuwa amemeza aibu ya chuma, alisimama mbele ya misumari myekundu, myekundu kama ya babu yake, machozi yakamlengalenga. Kwake haikuwa ajabu hata kidogo. Alikumbuka baba yake alivyokuwa akiwasimulia jinsi wachimbaji wa zamani walivyotupa vyuma vikuukuu, minyororo ya baiskeli na mapipa yaliyotoboka, kwenye mfereji wa maji ya bluu, na baadaye wakaja kuokota shaba. Chuma kilikuwa kimegeuka shaba, mbele ya macho yao! Hadithi ile ilikuwa na mwisho wake, lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na Stanislas alivuta kipande kile alichokuwa akikihitaji.

Kalaba peke yake hakushangilia. Aliinama, akatazama msumari mmoja kwa muda mrefu.

"Na chuma ilienda wapi?" aliuliza.

"Iko ndani," alisema Stanislas. "Mukuba inaivalisha tu. Ni kama nguo."

"Uliona?"

"Kalaba, achana na miye leo. Achana na miye, nifurahi."

Kalaba aliachana naye. Wakairudisha Dieumerci majini, na kuanzia siku hiyo wateja waliongezeka, maana kila mtu alitaka kupanda mashua iliyobarikiwa.

Siku ya harusi misa ilikwisha mchana, na msafara wa magari ukapiga honi njia nzima mpaka Mayi Bleu. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeleta vumbi, anga lilikuwa na rangi ya majivu, na chini ya anga lile maji yalionekana ya bluu kupita siku zote, bluu ambayo mtu akiitazama sana kichwa kinamwuma. Mbwa aliyefuata moja ya magari alishuka ukingoni na ulimi nje, akanusa maji, akarudi nyuma bila kunywa. Stanislas alimwona. Siku nyingine angeuliza kitu.

Kalaba alikuwa akimngoja karibu na moteri, amevaa shati jeupe alilonunuliwa kwa ajili ya siku ile.

"Gonga misumari kwanza, mbele bapande," alisema.

"Leo?"

"Leo njo unapandisha mutoto yako."

Hilo Stanislas hakuweza kulikataa. Alikwenda garini akachukua nyundo, akainama katika suti yake, akagonga. Msumari wa kwanza ulilia vizuri, ngi. Wa pili, ngi. Akazunguka mashua yote akigonga mstari wa juu, ule ambao maji hayaugusi, na wote ukalia kama kengele ya kanisa. Ya chini ilikuwa ndani ya maji. Kuigonga kulitaka mashua ivutwe tena mchangani, watu wavue viatu, wachafue suruali, bibi harusi asimame juani.

"Unasikia?" alisema akimgeuzia Kalaba uso wa ushindi. "Unasikia vile inaimba?"

Kalaba alitazama nyundo, akatazama maji, akamtazama rafiki yake. "Nimesikia," alisema. Akapanda.

Kisha likaja neno la makoti ya kuelea. Mama Mado, haki yake apewe, alikuwa ameyanunua yote mapya, ya rangi ya chungwa, na sheria yake ilikuwa kila mtu avae. Dorine alilishika lake kwa vidole viwili, akalitazama gauni lake, kisha akamgeukia baba yake kama alivyofanya tangu utotoni alipotaka kusamehewa kitu.

"Papa, na hii gilet? Mu picha nitakuwa kama batu ba kutengeneza route!"

Mama Mado akasema hapana, bila gilet hakuna kupanda. Hénoc akasema labda wavae wakitoka, wavue wakifika katikati. Wasimamizi wa harusi, akina Lydie, walikuwa wamekwisha kuyatupa yao kwenye benchi la kibanda. Wote wakamtazama Stanislas, maana ndiye aliyejenga. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini baba gani anakumbuka methali mtoto wake akiwa amevaa nyeupe?

"Mama Mado, acha tu," alisema. "Gilet yao ni mashua yangu."

Watu wakapiga makofi. Dorine akambusu shavuni, akapandishwa, akakaa mbele kabisa kama alivyoahidiwa. Kalaba aliwasha moteri. Bafle lilikuwa limewekwa ndani ya mashua, na muziki ukaondoka nao ukipiga kuta za shimo na kurudi.

Stanislas alibaki ufukweni kwa sababu mpiga picha alitaka amwonyeshe mahali pazuri pa kusimama. Alipomwonyesha, alihisi miguu imechoka, akatafuta pa kujishikiza. Kigingi chake kilikuwa pale, chuma kile kile cha nondo alichokichonga mwenyewe, kimesimama kwenye maji ya ukingoni tangu siku ya kwanza, chekundu kama misumari. Akakiegemea kwa mkono.

Kikavunjika.

Hakikupinda wala hakikutoa sauti ya chuma. Kilimegeka kama muhogo mkavu, na kipande kikabaki mkononi mwake. Alikitazama. Nje kulikuwa na ganda jekundu, jembamba, na ndani mlikuwa na uji mweusi uliotiririka vidoleni na kuingia katika mkono wa suti. Chuma hakikuwemo.

Hapo mwisho wa hadithi ya baba yake ukamjia, na sauti yake kabisa, sauti ya mtu aliyekula vumbi la mgodi maisha yake yote: Mayi ile haitoi bure, batoto. Kwa kila mukuba unaookota, chuma imekufa. Inakula chuma, inatapika mukuba. Wangapi walicheka waliposikia hivyo? Yeye alikuwa mmoja wao, mtoto, anacheka kwa sababu ya neno kutapika.

"Rudini!" alipiga kelele. "Kalaba! Rudisha!"

Katikati ya shimo muziki ulikuwa juu. Dorine alimwona baba yake akirusha mikono, akainuka, akampungia kwa shada la maua. Wote mashuani wakainuka wakampungia.

"Mukae! Mukae chini! Mashua ni mubaya!" Aliingia majini mpaka magotini. Watu wa vibandani walimtazama. "Ni miye niliitengeneza mubaya! Ni mubaya! Mukae!"

Ni Mama Mado tu aliyeelewa. Alitupa kitambaa chake, akakimbilia makoti ya kuelea, akayakumbatia yote na kuja nayo. Stanislas alivua koti la suti, akayapitisha makoti mikononi kadiri yalivyoenea, akaogelea. Maji yale yalimwingia mdomoni, na ladha yake ilikuwa ya sarafu.

Haikupasuka kwa kishindo. Aliona mashua ikiinama mbele kidogo, kama mtu anayetaka kusujudu, kisha ubao wa chini ukafunguka wote kwa mara moja, mzima, bila kuvunjika, kwa sababu hakukuwa tena na kitu cha kuushikilia. Muziki ulikatika. Baadaye watu walisema ukimya ule ndio uliowatisha kuliko mayowe yaliyofuata.

Gauni la Dorine lilifumuka juu ya maji, jeupe, kubwa, kisha likaanza kunywa maji na kushuka naye. Stanislas aliogelea akilitazama jeupe lile likipungua, akiomba, akimtukana Mungu, akiomba tena. Alipofika hapakuwa na kitu. Kisha karibu na mkono wake uso wa Dorine ukatoka majini, macho wazi, mdomo unahema, na chini yake kulikuwa na Kalaba aliyekuwa amemwinua kwa mabega yake yale ya kuvuta nyavu.

"Mushike," alisema Kalaba. Akavuta pumzi. "Lydie iko chini ya benchi."

Akazama. Lydie alitokea baada ya muda, amesukumwa kutoka chini, Hénoc akamdaka kwa nywele. Waliyashika makoti ya chungwa, wakayashika mabaki ya mbao, na wanaume wa ufukweni waliojua kuogelea wakaja na madumu matupu kuwavuta. Mchangani watu walilia, wakakumbatiana, wakapigana mabusu, wakamshukuru Mungu kwa kila jina walilolijua. Dorine alikuwa akitapika maji ya bluu juu ya mapaja ya baba yake, na Stanislas alimpigapiga mgongoni akirudia, "Uko muzima, uko muzima," mpaka Dorine mwenyewe akainua kichwa.

"Papa," alisema. "Na Papa Kalaba?"

Wakageuka wote. Maji yalikuwa yametulia, masafi, ya bluu, na shada la maua lilikuwa linaelea juu yake peke yake.

Walimpata kesho yake, shati lake jeupe likiwa limenaswa na moteri. Stanislas aliomba kitu kimoja tu kwa jamaa: jeneza alitengeneze yeye. Alitumia mbao za mulombwa zilizobaki za mashua, akazichonga zikaingiana, akazifunga kwa vijiti vya mti. Alipomaliza alipitisha kiganja akitafuta kasoro. Hakukuwa na kasoro, na jambo hilo lilimfanya aketi sakafuni alie kwa sauti.

Kisha akapanda lori pamoja na jeneza mpaka Pweto.

Dada mkubwa wa Kalaba, Laurentine, aliwapokea uani. Waliomboleza kama desturi inavyotaka, na kelele zilipopungua mama yule alisogea, akaweka mkono juu ya jeneza, akafuata viungo vyake kwa kidole, taratibu, kuanzia kichwani hadi miguuni. Alikuwa mtoto wa ziwani, alijua kazi ya mbao.

"Haina musumari," alisema.

"Haina, Mama," alisema Stanislas.

"Ni weye ulitengeneza?"

"Ni miye."

Laurentine alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Mikono ya namna hii," alisema. "Wangekuita weye kutengeneza ile mashua, ndugu yangu angekuwa anapumua leo."

Lori lilikuwa limezimwa. Kutoka ziwani, nyuma ya nyumba, vyura walikuwa wanalia, wengi, hawanyamazi. Stanislas angeweza kuinamisha kichwa tu, na hakuna ambaye angejua.

"Mama," alisema, "ile mashua ni miye niliitengeneza."

Mkono wa Laurentine ulisimama pale ulipokuwa. Alimtazama Stanislas, suti yake ya harusi yenye doa jeusi mkononi, macho yake, kisha vidole vyake, kana kwamba anavihesabu.

"Na yeye alijua?" aliuliza hatimaye. "Kalaba. Alijua kama ni weye?"

"Alijua, Mama," alisema Stanislas. "Njo maana aliingia."